Maduka Yaliyoupa Mtaa Kisogo

Mji wetu ni kama shati lililovaliwa nyuma mbele. Maduka sita ya Mtaa wa Stesheni yana baraza, nguzo na madirisha makubwa upande wa nyuma, ambako hakuna kitu ila majani. Upande wa mtaani kila duka lina kimlango cha stoo tu, na wateja wote hupitia humo, wakijibana kati ya magunia. Mgeni akiuliza kwa nini, sisi wenyeji tunamshangaa yeye.

Mimi niliulizwa na Bwana Historia. Ndivyo tulivyomwita ofisa wa halmashauri aliyetumwa kuandika historia ya mji. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kugeuza njia za treni, sina shughuli ila mdomo. Nikamwambia mwashi wa kwanza alikuwa na makengeza, akaishika ramani kichwa chini, na kila tofali alilolielekeza mashariki likaenda magharibi. Hata mbuzi wake, nikamwambia, alikuwa akirudi nyumbani kinyumenyume. Mbuzi hakumwandika. Makengeza aliyaandika.

Miezi minne baadaye dada yangu aliniita dukani kwake. Dada ni fundi cherehani, na duka lake ni la tatu kati ya yale sita. Alinipa karatasi bila hata salamu.

"Isome kwa sauti, mtaalamu."

Nikasoma. Kwa mujibu wa historia ya mji, halmashauri imebaini kuwa maduka sita ya Mtaa wa Stesheni yalijengwa kwa makosa, kinyume cha ramani, kutokana na makengeza. Yatavunjwa Jumatatu kupisha maegesho ya magari.

"Makosa ya nani?" akauliza, pini mdomoni.

"Ya mwashi."

"Mwashi yupi?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Miaka thelathini na moja nimekalia kiti hiki," akasema. "Nimesomesha wanangu wawili, na wako mmoja juu. Leo nafukuzwa na mtu mwenye makengeza ambaye hata hajawahi kuzaliwa."

Nilikwenda halmashauri siku hiyohiyo, nimevaa koti langu la kazini ili nionekane mkweli. Bwana Historia akanikaribisha kiti.

"Mzee, mwanzo ulisema ramani."

"Nilikupiga kamba, mwanangu. Ukweli ni kwamba reli ya zamani ilipita huko nyuma, sambamba na zile baraza. Ndiyo maana maduka yanatazama kule. Baadaye reli ikahamishwa, mtaa ukaota upande wa pili. Marehemu baba alikuwa kibarua wa reli, ndiye aliyenieleza."

Akaanza kuandika. Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha. Lakini nilimwona anaandika, ulimi ukaniwasha.

"Abiria walishuka behewani wakaingia dukani moja kwa moja. Yuko aliyepimwa suruali treni ikiwa bado inatembea."

"Inatembea?"

"Polepole."

Akafunga daftari.

Njiani kurudi kichwa kilinizunguka. Nilijaribu kumkumbuka baba akinisimulia habari ya reli ile, nikaona mdomo wake unacheza lakini sauti ni yangu. Je, yeye ndiye aliyeniambia, au mimi nilimwambia uzeeni, akaitikia kwa kichwa ili nimwache alale?

Nilipomweleza dada, hakunipa pole. Alinipa jembe. Kisha akaenda mwenyewe kumleta Bwana Historia, akamsimamisha barazani kwake Jumamosi saa nne, mbele ya yale majani.

"Chimba," akaniambia. "Kama reli ilipita, haikupita hewani."

Nilichimba hadi mgongo ukalia. Udongo, kisha udongo, kisha kokoto nyeusi, na chini yake taruma, ile mbao nene inayolaliwa na reli. Dada akashusha pumzi. Mimi nikaanza kujipongeza, kisha nikainama kulitazama tena, maana taruma hulala likiikata reli, na hili lilikuwa limelala sambamba na baraza. Nikachimba karibu zaidi na duka. La pili, vilevile. La tatu lilikuwa limezama nusu chini ya ngazi, na msingi wa duka umelikalia.

Reli haikupita mbele ya maduka. Ilikwenda moja kwa moja kwenye duka la dada yangu.

"Treni ilikuwa inaingia humu ndani?" akauliza Bwana Historia.

Wakanitazama wote wawili, wananisubiri. Nilitafuta uongo, hata mdogo, sikupata.

"Sijui," nikasema.

Akaandika: hajui. Akakuna kichwa kwa kalamu. Kisha akasema kwamba penye mataruma, ardhi huenda ni ya shirika la reli, na halmashauri haiwezi kuvunja jengo lililo juu ya ardhi ya mwenzake. Akaliandikia shirika barua, na Jumatatu ikapita maduka yamesimama. Baada ya wiki tatu shirika likajibu kwamba halijawahi kuweka reli mahali hapo, na likataka kujua ni nani aliyeiweka. Kubomoa kumesimamishwa hadi atakapojulikana.

Siku ile ya kuchimba, dada alirudi kwenye cherehani kabla sijatoka shimoni, maana alikuwa na sare za shule za kumaliza. Nikamwuliza kupitia dirisha baba alikuwa amemweleza nini kuhusu mahali hapa.

"Baba?" akasema, mguu haukuacha kukanyaga. "Baba aliniambia hapa palikuwa na ziwa."