Saini ya Nyuma ya Cheki

Sisi Wapemba hatukopeshani bila shahidi, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo mdogo wangu Uweso aliponiletea cheki niisaini kwa nyuma, sikuuliza mara mbili. Alikuwa anachukua mchele kwa Bi Benedikta, mwenye mashine ya kukoboa kule Pongwe, na cheki ilikuwa ya kupelekwa benki mwezi wa mbele. Nikasaini kama nilivyosaini ndoa za watu na mauziano ya viwanja pale mtaani kwetu Mabawa. Neno "shahidi" sikuandika. Ya nini? Mtaa mzima unajua mimi, Jaku, ni shahidi.

Kumbe cheki haina habari na malezi ya mtu. Ukisaini nyuma yake, umeahidi kwamba ikirudi utalipa wewe.

Na ilirudi. Akaunti ya Uweso ilikuwa tupu, mchele keshauuza, na mwenyewe keshavuka kwenda Pemba, simu kazima. Mke wangu ni marehemu, watoto hatukujaaliwa. Nilikuwa na Uweso tu, niliyeachiwa na mama nimlee. Chumba chake nikawa nakifagia kila Ijumaa. Usinicheke. Upweke ulikuwa unaniuma, na nilitaka akirudi akute pasafi.

Bi Benedikta alikuja siku ileile benki ilipomrudishia cheki. Hakunitukana. Alinipa shikamoo yangu, akakaa barazani, akaniambia cheki imerudi, na kwa kuwa nimesaini, ananidai mimi. Nikamwomba amsubiri Uweso. Mimi mwenyewe si nilikuwa namsubiri? Miezi ikapita, naye akaenda mahakamani. Nikishindwa itauzwa nyumba, maana sina kingine.

Nikaenda kwa wakili, kijana mmoja anaitwa Nehemia. Akaniuliza kama nilipewa taarifa cheki iliporudi. Nikamwambia mama wa watu alikuja mwenyewe. Na barua? Hapana. Kulikuwa na mtu mwingine? Hapana. Hapo akatabasamu. Akanieleza kwamba aliyesaini nyuma asipoambiwa mapema kuwa cheki imerudi, deni linamtoka. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Mzee, sikufundishi uongo. Ila wazee husahau."

Alaa! Eti hanifundishi uongo. Lakini wallahi, nilirudi nyumbani nikajifunza lile neno mbele ya kioo: sikumbuki, sikumbuki. Niliitaka nyumba yangu. Nilitaka Uweso apate pa kufikia.

Siku ya kesi nilitazama mlangoni kuliko nilivyomtazama hakimu. Bi Benedikta alikuja na wanawe na dada zake. Mimi sikuwa na mtu, na mlangoni hakutokea mtu. Nikaapishwa. Hakimu akauliza, niliambiwa au sikuambiwa? Bi Benedikta akainamisha kichwa. Alijua hana ushahidi ila kinywa changu.

"Aliniambia," nikasema. "Siku ileile, barazani kwangu."

Nehemia akaanza kukusanya makaratasi yake.

Nyumba imeuzwa. Pesa iliyobaki baada ya deni ndiyo inayonilipia chumba huku Nguvumali, ambako hata jirani wa ukuta mmoja hajui jina langu. Mchuma janga hula na wa kwao, husemwa. Mbona hili lilichumwa na mwingine, nalila peke yangu?

Juzi simu ikaita. Namba siijui, sauti ni ya Uweso. Hakuuliza ninalala wapi. Alikuwa amesikia kwamba ningeweza kukana.

"Ungekataa tu, kaka. Nani angejua? Ile ilikuwa nyumba yetu."

Nilikuwa nimemwekea matusi ya mwaka mzima. Niliyatafuta, nisiyapate.

"Ungekuja," nikamwambia. "Ungekuja siku ile ukakaa nyuma yangu, Uweso, wallahi ningekataa."

Nikamsubiri aseme neno, hata la uongo, mpaka simu ikakatika.