Dole Gumba Chini ya Alumini

Doa lilikuwa dogo kama harage, ukingoni kabisa mwa kioo cha darubini. Fundi aliinama, akalielekezea taa. Lilikuwa alama ya dole gumba, mistari yake yote wazi, na kovu limeikata katikati.

Kovu lile alilijua tangu utotoni. Lilikuwa la marehemu baba yake, aliyekipaka kioo hicho alumini miaka minne iliyopita. Karakana nzima ilimwita Mzee Glavu, maana kwa kufoka juu ya mikono mitupu hakuwa na mshindani. Mafuta ya kidole yakibaki juu ya kioo, alisema, alumini haishiki vizuri. Mvuke wake ukishatanda ndani ya tangi lisilo na hewa, alama hukaa hapo mpaka siku utando wote utakapovuliwa. Watu wazima na ndevu zao aliwarudisha nyumbani kwa kugusa tu. Kumbe naye!

Fundi, binti yake, aliikumbuka siku ile ya kupaka. Alikuwa kwenye pampu ya kutoa hewa tangini, akamtania baba kwamba leo anakwenda mwendo wa kobe. Baba akacheka, akasingizia uzee. Haukuwa uzee. Maradhi yalikuwa yamekwisha kumwingia, mkono unamtetemeka, na bila shaka alivua glavu apate kukishika kioo vizuri asikiangushe. Miezi mitatu baadaye walimzika. Dalili binti aliiona kwa macho yake akaifanyia mzaha, na hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Sasa utando ulikuwa umechakaa, nyota zinaonekana kwa taabu, na kazi yake ilikuwa kuumwagia magadi makali uyeyuke wote, kioo kipate kupakwa upya. Msimamizi wa karakana alimsoma uso, akamwambia kwa upole kwamba anaweza kumwita fundi mwingine. Akakataa.

"Basi tupaache hapo ukingoni, dada," alisema msimamizi. "Nani ataona?"

"Baba angeona."

Akamimina. Alumini ilitoa mapovu, na pale penye dole ndipo palipotangulia kubanduka, kwa kuwa hapakuwa pameshika vizuri. Alisuza, akafuta kwa pamba taratibu, kutoka katikati kwenda nje, kama alivyofundishwa. Hazikupita dakika kumi, kioo kikawa kitupu.

Msimamizi akauliza kama kimetakata.

"Kimetakata," alijibu. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, kwa sababu chozi nalo huacha doa, ndipo akalia.