Skrubu Nne za Mnara

…na kalamu ya Sifuna, mwenyekiti wetu wa kamati ya kanisa, bado imesimama hewani, ameizunguka meza yote akiuliza mmoja mmoja na sasa amefika kwangu, wa mwisho kwa kuwa ndimi mkongwe kuliko wote, Mwalimu Mukhisa, anasema, tumebaki na wewe tu, toa neno tufunge, watu wako na njaa, na wote wanadhani natunga sentensi, wamezoea, miaka thelathini na moja niliwafundisha wachungaji Kigiriki na Kilatini na hapakuwa na mtu wa kuniharakisha, kumbe situngi chochote, nasikiliza dari, kwa maana juu ya dari hii, ndani ya mnara wa kengele, makinda wa bundi wameanza tena kukoroma, mkoromo mrefu wenye mikwaruzo, kama wa wazee waliosinzia katikati ya mahubiri, na kila unapoteremka Mama Phelista anafumba macho na kushika ncha ya kitambaa chake cheusi, na hoja zilizo mezani ni mbili, ya kwanza bundi auawe, ya pili Kiptanui mlinzi afukuzwe kazi, kwa kuwa wavu wa waya ulioziba dirisha la mnara ulifunguliwa chini ya ulinzi wake, skrubu nne zikatoweka, ndege akaingia, na skrubu hizo nne zimo humu, katika mfuko wa kamera nilioupakata, nazipapasa kupitia turubai, zimo zote, mimi ndiye niliyezifungua… hii ni kazi ndogo bana, anasema Gathii mwenye duka la pembejeo, mimi niko na dawa ya panya, unapaka kwa kanyama kadogo, Jumapili ijayo tunaimba bila hiyo kelele, na mmoja wa wazee anamuuliza kama ni ile dawa aliyomuuzia mwezi uliopita, maana panya wake wameinenepea, watu wanacheka, Sifuna anagonga meza, wazee, wazee, tuheshimu mahali tuko…

Hotuba ninayo, sikatai, nimeiandaa tangu Alhamisi, ningewaambia kwamba Waathene wa kale walimpiga bundi chapa katika sarafu zao kwa kumwona ndege wa hekima, na kwamba Warumi, waliotawala nusu ya dunia, waliwaweka maofisa wa kusoma ndege, na bundi akiingia hekaluni mji mzima ulitakaswa kwa maji na moshi, na dola yao ikaanguka hata hivyo, wala haikuangushwa na bundi, kisha ningeshuka kwa upole hadi kwa yule mwombaji wa kale wa Zaburi ambaye katika dhiki yake hakuona haya kujifananisha na bundi wa magofuni, hotuba yenye kichwa na mkia, wangetikisa vichwa, wangesema mwalimu ni kisima, lakini kila nikiipitia naiona haina mahali pa ngazi, haina mahali pa Jumanne ile ya Juni, saa saba mchana, Kiptanui ameenda kula, na mzee wa miaka sabini na minne anapanda na bisibisi mfukoni… ati ni bahati mbaya tu, anasema Mama Phelista, sauti yake haipandi, bahati gani hiyo, tangu hiyo ndege ikuje tumezika watu watatu, na ni kweli tumezika watatu, wa kwanza bibi wa miaka tisini na miwili, wa pili kijana aliyeanguka na bodaboda, na wa tatu Zachary, mume wa Phelista, rafiki yangu, aliyepigana na sukari miaka sita, na miaka yote hiyo sita palikuwa na wavu dirishani, hilo ningeweza kulisema, ni hoja iliyonyooka, lakini hoja iliyonyooka huwezi kuitupa kwenye uso wa mjane wa wiki tatu, hasa wewe mwenye skrubu…

Kamera ni ya Nasike, binti yangu, muuguzi huko Norwich, Uingereza, alikuja Krismasi iliyopita akaniambia, Baba, tangu ustaafu unaongea na watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita, hebu sasa tuongee na walio hai, mimi nitapiga picha ndege wa porini wa Uingereza mwaka mzima, na kila nitakayempata wewe utamtafuta huko nyumbani, maana wengi baridi ikitushika wanakuja kwenu, na sharti ni moja, asiye na picha hahesabiwi, na nikacheka, nikijua nimekamatwa, kwa kuwa sharti hilo ni zuri, halimruhusu mtu kusema niliona pasipo kuonyesha… na nikaanza, mbayuwayu niliwapata Januari hiyo hiyo Kabuchai, juu ya nyaya za stima, wamejipanga juu ya miwa kama watu wanaosubiri kuitwa majina, na korongo weupe nikawapata Februari hapa hapa Kitale wakifuata trekta shambani, wakiokota wadudu kwa adabu ya maaskofu, na nikamkumbuka yule nabii aliyewasuta watu wake kwa ndege hawa, kwamba wao wanayajua majira ya kurudi na ninyi hamyajui, na kile kindege cha kifua cha njano kisichoacha kutikisa mkia nilikifuata baina ya kwato za ng'ombe mnadani Chwele, mpaka mchuuzi mmoja akaniuliza, mzee, unanunua ng'ombe ama unapiga mavi picha, na yule mwingine mdogo wa mtoni, anayetikisika nyuma kama mwenye baridi, nilimpata Lwakhakha, juu ya jiwe katikati ya mto, sijui alikuwa Kenya au Uganda, askari wa mpakani naye hakujua, alitaka tu kuambiwa kamera ni ya nini… kufikia Mei nilikuwa nao ishirini na watatu, magoti yangu yalikuwa mapya, kweli, ndipo Nasike akaniletea picha ya wa ishirini na nne, bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, kwenye boriti ya ghala, akaandika, wakulima wa huku wanampigilia sanduku la kukaa, wanamshukuru kwa panya anaokula, huyu nimekuwekea mwisho kwa makusudi, Baba, na hakuongeza neno, wala hakuhitaji kuongeza, kwa kuwa alikuwa na miaka tisa siku ile, naye alikuwa mlangoni mwa jikoni…

Nyumbani Kabuchai, miaka mingi iliyopita, mama yake, Peris wangu, tumemrudisha kutoka hospitali Bungoma kwa kuwa hapakuwa na la kufanya tena, amelala chumba cha mbele, dirisha wazi, jua linazama, na bundi mweupe ametua juu ya paa la ghala la mahindi, akalia mara moja, na mimi ambaye wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewacheka Warumi darasani kwa upumbavu wa kusoma ndege, mimi niliinama nikaokota jiwe, la kwanza likapita, la pili likagonga bati, la tatu… alianguka polepole mno, mbawa zake zilikuwa nyingi kuliko mwili, na nilipogeuka mtoto alikuwa ananitazama, na kutoka ndani Peris akauliza, Baba Nasike, umetupa nini huko nje, nami nikasema, hakuna kitu, na Ijumaa akafa, alikufa kama ambavyo angekufa, neno langu la mwisho kwake lenye uzito lilikuwa uongo juu ya ndege… kwa hiyo nilipanda ngazi, ndiyo, nilikuwa nimemwona bundi jioni kadhaa akiuzunguka mnara na kugonga kifua kwenye wavu, nikajiambia nampa tu mlango, ningeweza kuiomba kamati hii, mimi ni mjumbe wake, sikuiomba kwa sababu nilijua itakataa, na hilo ndilo kosa, wavu wenyewe ni kitu kidogo, niliufungua kimya, kama nilivyotupa jiwe kimya, na Alhamisi hii, jua likichomoza, akatokeza dirishani, uso ule, nikampata, picha imo humu, sijaituma, siwezi kuituma…

Sasa Sifuna amemgeukia Kiptanui, aliyesimama mlangoni na rungu na koti lake la mvua lililopasuka begani, anamuuliza kwa mara ya tatu, wewe si ndiye soja, nani alipanda huko juu, na Kiptanui anajibu kwa utulivu wa watu wa mlimani, mimi nalinda mlango ya chini, mzee, huko juu ni kwa Mungu, na watu wanacheka tena, hata Phelista karibu acheke, sikuona mtu, anasema Kiptanui, na ngazi je, anauliza Sifuna, si ngazi ni yako, na Kiptanui anasema, ngazi ya kanisa ni mbovu, mguu moja ni mfupi, mtu akipanda lazima uiwekee jiwe ndio isimwangushe, na Sifuna anasema, hatujauliza mambo ya mawe, tunauliza nani… lakini mimi nimeacha kumsikia Sifuna, kwa sababu lilikuwapo jiwe, Jumanne ile niliposhuka nililiona, jiwe bapa, limesukumwa vizuri chini ya mguu wa kushoto, nikadhani nimeliweka mwenyewe nikasahau, uzee, nikajisamehe, lakini sikuliweka, nilipokuwa napanda ngazi ilicheza mpaka nikaomba, na niliposhuka ilikuwa imetulia kama ngazi za madhabahu, kwa hiyo Kiptanui hakuwa ameenda kula, au alirudi, alinikuta juu, mzee wa kanisa, mwalimu wa wachungaji, anafungua skrubu kama mwizi, na hakuita, hakuuliza, alitafuta jiwe akaliweka nisianguke, kisha akaondoka ili nisione haya, na tangu Juni ananiambia shikamoo mwalimu kila Jumapili, na leo mara tatu ameulizwa na mara tatu amesema hakuona mtu, anatoa kazi yake, watoto wake wanne kule Kapsokwony wanakula kwa kazi hii, anaitoa kama alivyotoa jiwe, bila kuniangalia… na mimi nilikuwa nahesabu, mwaka mzima, nani ana picha na nani hana, niliona ishirini na wanne na huyu mmoja sikumwona…

Mwalimu, anasema Phelista, si Sifuna, ni yeye, na amenigeukia kabisa, wewe ulikuwa rafiki ya Zachary, wewe hutudanganyi, tuambie tu ukweli, na hapo macho ya Kiptanui yananifikia kwa mara ya kwanza, naye anatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemfukuza nzi, maana yake usiseme, mwalimu, mimi nitabeba, na najua nikisema nitampoteza Phelista, atasema nilimwita mauti akaingia kwa dirisha akamchukua mumewe, huenda asinisalimie tena mpaka anizike, na huenda hata hivyo wamtegee bundi ile dawa, sina hakika ya kumwokoa, nina hakika ya kitu kimoja tu, kwamba sitasema tena hakuna kitu… mkono wangu umo ndani ya mfuko wa kamera, skrubu ni baridi, zina kutu kidogo, nazitoa zote kwa pamoja, juu ya dari wanakoroma, kalamu ya Sifuna bado iko hewani, harufu ya mchele inatoka jikoni kwa akina mama, hakuna aliyeondoka, hakuna kilichoamuliwa, nashika ukingo wa meza na magoti yananiinua, naam, yananiinua, Athene ikae, Roma ikae, na yule mwombaji wa magofuni naye anisubiri, bundi nitamfikia baadaye, nitaanza na ngazi.