Mchanga Kwenye Giaboksi

Mke wa dereva alikuwa amechuchumaa uani kwa Fundi, akipangusa nati kwa tambara lililolowa petroli na kuzipanga kwenye sufuria kuukuu, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Juu yake injini ya zamani ilining'inia kwenye mnyororo, ikidondosha oili nyeusi mavumbini.

"Hii imekufa kifo cha haki," alisema Fundi. "Imehangaika tangu enzi za baba mkwe wako. Usiililie, shemeji."

"Silii. Ni petroli."

Injini hiyo ilikuwa ya pikapu yao ya nyumbani, na pikapu hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba. Mke wa dereva aliiendesha mwenyewe, akibebea watu vitanda, makabati na magodoro wanapohama, na mama mkwe wake alikaa kando akishikilia vioo visivunjike. Mumewe alikuwa na kazi yake nyingine, ya kuendesha pikapu ya Bwana Machimbo, tajiri wa mashimo ya mchanga. Asubuhi moja alikwenda kazini na hakurudi. Bwana Machimbo alikuja mwenyewe kutoa habari, kofia mkononi. Alisema dereva ameliacha gari stendi, ufunguo ukiwa ndani, akapanda basi na mwanamke aliyevaa miwani.

Hiyo miwani ndiyo iliyomkaa mke wa dereva kooni. Angeambiwa mwanamke tu, pengine angesahau. Sasa kila akipita stendi alitazama nyuso za wanawake, na majirani walikwisha kumtania kwamba anatafuta daktari wa macho. Alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu: aliachwa, au hakuachwa?

Fundi alivuta turubai. Chini yake kulikuwa na injini nyingine, na giaboksi yake imeshikana nayo kama mapacha.

"Nimezitoa kwa muuza vyuma chakavu. Zilikaa kwenye gari moja tangu zitoke kiwandani. Mimi siwatenganishi waliozoeana. Ukiweka injini ya huku na giaboksi ya kule, watagombana mpaka wakuue barabarani."

Mke wa dereva alitazama kirungu cha gia. Kilikuwa kimezungushiwa kitambaa cha bluu chenye madoa meupe, kimeshonwa kwa mkono. Kilikatwa kwenye gauni lake la zamani. Alikishona mwenyewe, kwa sababu mumewe alilalamika kwamba kirungu kinamchoma kiganja wakati wa jua.

"Ni ya gari alilokuwa akiliendesha," alisema.

"Nilidhani unajua," alijibu Fundi, akachukua spana.

Kazi ilichukua siku kadhaa. Injini iliteremshwa taratibu, ikakaa kwenye maunti, vile vishikizo vyake, bila kubishana, shafti ikaunganishwa, klachi ikafungwa. Ilipowashwa iliitika mara ya kwanza. Gia ya tatu tu ndiyo iliyokataa. Fundi alisukuma, akatukana, akasukuma tena. Mke wa dereva akamwambia asogee. Alikanyaga klachi, akarudisha gia katikati, akangoja kidogo kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, kisha akasukuma. Ikaingia. Ndivyo mumewe alivyofanya siku zote.

"Sikiliza utaratibu wangu," alisema Fundi. "Mashine ikibadilishwa, mwanzoni ina takataka za chuma tumboni. Kila jioni, ikiwa bado ya moto, fungua nati ya chini ya giaboksi, mwaga kidogo, funga."

Jioni ya kwanza mke wa dereva alilala chali chini ya pikapu, akaweka beseni, akafungua nati. Haikutoka oili. Ulitoka mchanga, mwembamba na baridi, ukitiririka kama kutoka kwenye gunia lililotoboka. Ulijaa beseni. Mama mkwe alileta ndoo, nayo ikajaa. Kisha ukakoma wenyewe.

Fundi alipoitwa aliusugua kati ya vidole.

"Gia zinaingia?"

"Zinaingia."

"Basi afadhali mchanga, shemeji. Oili imepanda bei."

Kila jioni mchanga ulitoka. Siku nyingine ulikuwa mkavu, siku nyingine umelowa, na siku ulipolowa sana kilitoka kifungo cha shati. Mama mkwe alikiosha, akakitazama upande huu na upande ule, akakifunga kwenye ncha ya mtandio. Siku iliyofuata ulitoka uzi. Baadaye kikatoka kipande cha kandambili, kimekunjwa ili kipite kwenye tundu, maana tundu la nati lilikuwa upana wa kidole gumba.

Hapo ndipo alipokwenda kituo cha polisi na ndoo kichwani. Askari wa zamu alikuwa mtu mpole. Aliuchota mchanga, akauacha udondoke.

"Mzuri huu. Hauna udongo hata kidogo."

"Umetoka kwenye giaboksi ya gari la mume wangu."

"Nimekuelewa, mama. Lakini kesi inataka mtu. Hapa umeniletea mchanga." Alifikiri. "Hii ndoo unarudi nayo? Maana nina ukuta wangu nyumbani unabanduka."

Alimwachia. Ndoo alirudi nayo.

Rundo la uani lilipofika dirishani, Bwana Machimbo alikuja. Alikanyaga pembeni ya rundo, akainama, akanusa.

"Mama, mchanga huu ni wangu."

"Unatoka kwenye giaboksi yangu."

"Sikatai. Lakini ni wa shimo langu la chini, lile lililobomoka. Rangi hii haipatikani kwingine."

"Lilibomoka lini?"

Bwana Machimbo alitazama saa yake kana kwamba jibu limo humo. "Zamani kidogo."

"Kulikuwa na mtu ndani?"

"Kulikuwa na gari," alisema. "Gari tulilitoa."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kizingitini. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Na yule mwanamke wa miwani, baba?" aliuliza.

"Mwanamke gani?" alisema Bwana Machimbo. Alikuwa amemsahau kabisa. Akavaa kofia, akasema lori litakuwa linapita kila jioni kuchukua mzigo wake, na kwa kuwa yeye si mtu mbaya, hatawadai ule waliokwisha kuugawa.

Mke wa dereva aliingia ndani, akakaa kitandani upande usiolaliwa. Hakuachwa. Alilirudia neno hilo mpaka likapoa. Kisha akatoka, akalala chali chini ya pikapu, akafungua nati, kwa sababu sasa alijua anachimba nini.

Lori lilikuja kila jioni kama lilivyoahidiwa. Wapakiaji walikuwa vijana wenye adabu. Walimsalimia, wakachota, wakafagia uani. Alimuuliza Fundi kama tundu linaweza kupanuliwa. Fundi alikuna kichwa kwa spana.

"Ukilipanua, unaivunja giaboksi. Ukiivunja, gari halitembei. Na gari lisipotembea mtakula nini?"

Hakumuuliza tena.

Kisha ikaja jioni ambayo mchanga ulitoka kiasi cha kiganja tu, ukakoma. Mke wa dereva aliungoja. Mama mkwe, aliyekuwa amelala ubavuni mwake, aliinua tochi.

Kwenye tundu kilitokea kidole. Kilikuwa na vumbi, kimechubuka, na ukucha umepasuka katikati.

"Ni chetu," alisema mama mkwe. "Baba yake naye alipasuka kucha hivyo hivyo."

Mke wa dereva alikipangusa kwa ncha ya gauni, kisha akakishika. Kilikuwa cha baridi. Kilijikunja taratibu kwenye kidole chake, kikatulia hapo.

"Mwanamke alivaa miwani," alimwambia mumewe. "Ndivyo walivyotuambia."

Kidole kilimbana kidogo.

Nje lori lilipiga honi. Wapakiaji waliingia na makoleo yao, wakaona beseni lina mchanga wa kiganja tu, wakaangaliana.

"Shikamoo, mama. Leo ni huu tu?"

"Ni huu tu."

Waliukumba wote, wakafagia uani, wakaondoka. Mke wa dereva alikiachia kidole, nacho kikarudi ndani chenyewe. Alirudisha nati kwa mkono, bila spana, asiikaze sana. Asubuhi kulikuwa na kabati la mtu la kuhamisha.