Marehemu Hatozwi Kiingilio

Mstari ulichorwa ukutani kwa rangi nyekundu, mita mbili na sentimita kumi na mbili kutoka sakafuni. Anayetaka kuwa mhudumu wa ndege lazima auguse bila viatu, kwa sababu makabati ya mizigo yako juu na hayamshukii mtu. Mara tatu nilijinyoosha mbele ya mstari ule, na mara tatu vidole vyangu viliishia sentimita tatu chini yake. Mwanamke aliyetupima, ambaye sisi waombaji tulimwita Mama Rula, aligonga muhuri wa HAPANA kwenye fomu yangu bila kuinua macho.

"Rudi ukirefuka," alisema mara ya tatu.

"Nina miaka ishirini na sita, mama."

"Basi usirudi."

Nilikuwa koridoni navaa viatu nilipoliona tangazo. Shirika la ndege lilikuwa linanunua picha ya kupamba ukumbi wake mpya wa abiria, na picha yenyewe ilionyeshwa hapo, ndogo kama kiganja. Mtoto wa kike amesimama katikati ya safu mbili za viti visivyofanana, ameshika sinia la vikombe, uso ameukaza kama hakimu.

Mtoto yule ni mimi. Viti ni vya sebuleni kwetu, kimoja mguu wake umefungwa kamba. Nilikuwa na miaka saba, na abiria wangu walikuwa mito minne na mjomba.

Mama yangu ni mchora mabango. Maisha yake yote amechora viatu vya wenye viatu na samaki wa wenye samaki. Ile ndiyo picha pekee aliyowahi kujichorea mwenyewe, juu ya ubao ambao mteja alikuwa ameukataa. Mwaka uliopita mwenye nyumba ya sanaa, bwana mmoja wa tai ya kipepeo, alikuja kuagiza bango, akaiona ukutani, akaomba kuiazima siku tatu aitengenezee fremu. Siku tatu zikazaa miezi kumi na mmoja. Mama alipoifuata, bawabu alimwambia hakuna picha ya namna hiyo, tena akamshauri apunguze kutembea juani.

Sasa chini ya tangazo paliandikwa siku ya makabidhiano kwenye nyumba yake ya sanaa, kisha: *Msanii hajulikani. Alishafariki.*

Nilifika nyumbani nikamweleza. Mama alikuwa anamalizia bango la duka la viatu. Hakuinua brashi mpaka herufi ilipokamilika.

"Kumbe mimi ni marehemu," alisema. "Vizuri. Marehemu hatozwi kiingilio. Tunakwenda lini?"

Mjomba, ambaye ni fundi cherehani, alitema pini kiganjani. "Dada, yule ana risiti, ana muhuri, ana tai. Wewe una nini? Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha miezi kumi na mmoja."

"Na wewe, Rubani, unacheka nini?"

"Mhudumu, mjomba. Si rubani."

"Ukikamatwa utakuwa mahabusu. Hakuna ndege itakayokubeba hata kama mzigo."

Hapo alisema kweli. Shirika haliajiri mtu mwenye jalada polisi, na hakuna kazi nyingine niliyowahi kuitaka. Nikautazama msumari ukutani, uliokuwa umebaki peke yake ukining'iniza hewa.

"Nitakwenda," nikasema.

Mpango ulitoka kwenye kitabu cha mafunzo ya wahudumu nilichonunua kwa muuza vitabu chakavu. Kurasa kumi za mwanzo hazikuwepo. Zilizobaki nilizijua kwa moyo. Sura ya saba inahusu kuwatoa abiria haraka: sauti moja, mikono miwili, mizigo iachwe, na mhudumu wa mwisho akague kila safu na kila choo kabla hajatoka yeye. Niliisoma kwa sauti mezani mara tano, mpaka mjomba akaniomba nimwonee huruma.

Siku ya makabidhiano, saa nne asubuhi, niliingia nyumba ya sanaa kwa mlango wa jikoni, kama kibarua wa kugawa vinywaji. Nilivaa gauni la bluu ambalo mjomba alinishonea kwa kitambaa cha pazia, kwa ajili ya ile siku nitakapoajiriwa. Ukumbini palikuwa na viti thelathini, safu huku na safu huku, njia katikati. Kiti cha mbele alikaa Mama Rula, jalada la shirika mapajani. Alichukua glasi ya maji kwenye sinia langu bila kunitazama. Mtu mwenye sinia haonekani. Hilo nililijua tangu nina miaka saba.

Mjomba alikuwa koridoni na pasi yake ya mkaa na vitambaa vibichi. Nilimpa sharti moja: neno "moto" lisitamkwe, maana moto haupo, na mimi abiria siwadanganyi. Moshi ni moshi.

Nilimwambia vitambaa viwili. Akaweka vyote. Moshi uliingia ukumbini kama mgeni aliyealikwa, na nyuma yake akaingia mjomba mwenyewe, machozi yakimtoka. "Jamani, nakufa kweli!"

Niliweka sinia chini, nikasimama katikati ya njia.

"Mabibi na mabwana, kuna moshi. Acheni mizigo yenu. Safu za mbele, mlango huu. Safu za nyuma, mlango ule. Msikimbie."

Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Hata bawabu alipita mbele yangu mikono juu, kama aliyetekwa.

"Mkoba wangu!" akalia mzee mmoja.

"Mkoba haupumui, mzee. Tembea."

Ukumbi ulibaki mtupu. Kitabu kinataka sekunde tisini. Nilihesabu themanini na nne.

Nikaiendea picha. Walikuwa wameitundika juu, kama wenye mali wanavyotundika. Nikajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu. Sentimita tatu! Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Kisha nikavua viatu, nikachukua kitabu cha wageni, kinene, jalada la ngozi, nikakiweka sakafuni na kupanda juu yake. Ubao ukateremka mikononi mwangu. Nyuma walikuwa wameubandika karatasi ya kaki kuanzia pembe hadi pembe.

Mama alikuwa anangoja nje ya mlango wa jikoni na mkokoteni wake wa mabango. Nani angeuona ubao mmoja kati ya mbao kumi? Zilibaki hatua mbili. Mguu mmoja ulikuwa tayari kizingitini nilipokumbuka choo.

Ningeweza kwenda zangu. Sijui mpaka leo kama ningelala usingizi. Nilirudi, nikagonga.

"Kitasa kimekwama!" sauti ikajibu. "Nani huyo? Nasikia moshi!"

"Sogea mbali na mlango, tafadhali."

Bega la kwanza halikufaa kitu. La pili likafungua. Akatoka mwenye nyumba ya sanaa, tai imemgeukia shingoni. Akaniona mimi, kisha akaona nilichokibana kwapani.

"Mwizi!"

"Nje kwanza, bwana. Kelele utapigia huko."

Akatii. Akatangulia mbio, akipiga kelele njia nzima. Nami nikatoka nyuma yake, kama kitabu kinavyotaka, wa mwisho.

Uani wageni walinigeukia wote. Bawabu alinishika mkono. Mkokoteni ukazunguka kona, Mama akiusukuma taratibu.

"Mwachie mwanangu."

"Na wewe ni nani?" Mama Rula akauliza.

"Mimi ndiye marehemu."

Kuna waliocheka. Mwenye nyumba ya sanaa akanyoosha tai yake. "Mama huyu ni mgonjwa, msameheni. Kila mtu anaweza kudai picha."

"Sawa," Mama akasema. "Basi karatasi ya nyuma haijachanwa, na mimi nasema kilichomo. Kuna kinyozi ameshika mkasi. Kichwani hana hata unywele mmoja. Alilikataa bango, akasema namharibia biashara. Mimi nilimchora alivyo."

"Msiiguse!" bwana wa tai akalia. "Hiyo ni kazi isiyo na mfano!"

Mama Rula alifungua jalada lake, akatoa rula. Naam, alikuwa nayo. Akaipenyeza chini ya karatasi, akavuta. Kinyozi akatutazama sote, upara unang'aa, juu yake herufi za Mama: INGIA UPENDEZE.

"Ni yeye!" mjomba akasema, bado anakohoa. "Na hadi leo nywele hazijaota."

Uani pakalipuka vicheko. Bawabu akauachia mkono wangu, akaupangusa kabisa. Mwenye nyumba ya sanaa akaanza kueleza habari ya karani aliyekosea kuandika, na hakupata wa kumsikiliza.

Mama Rula alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Picha ulikuwa nayo. Kwa nini hukutoroka?"

"Choo kilikuwa hakijakaguliwa."

"Na pale juu ulifikaje?"

"Nilipanda kitabu cha wageni."

"Kwenye ndege hakuna kitabu cha wageni."

"Kuna abiria warefu, mama. Nitawaomba."

Hakutabasamu. Alimgeukia Mama, akamuuliza kama shirika linaweza kuinunua picha kutoka kwake.

"Marehemu hauzi," Mama akajibu. "Nikifufuka nitakuambia."

Tulipita barabara kuu, hatukupita vichochoroni. Mimi wa pichani na sinia langu tulitazama mbele ya mkokoteni, kinyozi akatazama tulikotoka. Jioni msumari ukapata kazi yake.

Jumatatu nilirudi kwenye mstari mwekundu, mara ya nne. Mama Rula aliniona mlangoni, akavuta fomu yangu. Nilivua viatu. Nikajinyoosha mpaka mbavu zikauma. Sentimita tatu, zilezile. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama kijana mrefu kama ngazi.

"Kaka, samahani," nikamwambia, mkono wangu ukiwa bado juu. "Nisaidie kugusa pale."

Akagusa, bila hata kujinyoosha.

Mama Rula aliuchukua muhuri, akaushika hewani muda mrefu. Kisha akaurudisha juu ya kidau cha wino, akafungua droo, akaiweka fomu yangu ndani, safi, bila muhuri.

"Anayefuata," alisema.

Nilivaa viatu vyangu. Sikutoka. Nilivuta kiti cha mbele, nikakaa, nikangoja.