Chura wa Mwisho wa Bunroku

Siku arobaini na tisa za maombolezo ya mchoraji Bunroku zilikuwa hazijatimia, na Yahachi, mchongaji wa mbao za kuchapia vitabu, alikuwa amekwisha kuja mara tatu kwa Osato, mjane wa marehemu, kuomba picha ya mwisho. Mwaka mpya ulikuwa unabisha hodi, na watoto wa jiji la Edo hawajui matanga. Wao wanataka vitabu vyao vya hadithi vyenye majalada mekundu. Kurasa tisa zilikuwa tayari. Ilibaki ya kumi: chura mzee akimuaga mwanawe anayekwenda safari.

Osato alimpiga chenga kila mara. Leo karatasi haionekani, kesho ina unyevu. Ukweli aliujua mwenyewe: picha hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, ikapakwa mafuta mistari ionekane, kisha patasi ikapita humo humo. Ubao unapata picha, karatasi inaangamia. Na hii ndiyo karatasi ya mwisho aliyoishika Bunroku, homa imempanda, Osato kamshikilia kiwiko. Mstari wa mgongo wa yule chura ulitetemeka kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kila asubuhi Osato aliupitishia kidole, na hapo tu ndipo alipomhisi mumewe. Alimtamani mpaka mifupa ikamuuma.

Yahachi aliposhauri picha inakiliwe kwanza, Osato alikataa katakata. Nakala ni mkono wa mtu mwingine.

"Shemeji, ukiificha sandukuni italiwa na nondo," Yahachi alisema. "Nipe mimi, mumeo atakaa kwenye ubao. Miaka ishirini namchonga Bunroku."

"Hutampoteza?"

"Hata unywele."

Akampa, kwa mikono miwili. Usiku ule hakula.

Siku ya saba akaitwa karakanani. Yahachi alimtilia chai, akamtandazia mbele yake chapa ya kwanza kutoka ubaoni, wino haujakauka vizuri. Chura yupo, mwana yupo, kifurushi begani. Mgongo ulikuwa umenyooka, laini, mgongo wa mzee mwenye afya zake.

"Hapa mkono ulimtupa, maskini," Yahachi alisema kwa sauti ya chini. "Nikamnyooshea. Hakuna atakayejua alichora akiumwa. Ndivyo tulivyokuwa mimi na yeye, tukisitiriana."

Osato alitaka kufoka. Lakini amfokee nini mtu aliyemsitiri rafiki yake kwa ufundi wake wote? Alimshukuru. Kisha akauliza kama kuna kipande chochote cha ile karatasi kilichosalia.

"Kisalie wapi, shemeji? Ilitoka pamoja na maranda, tukayatia jikoni. Ndiyo yaliyochemsha chai hii."

Osato akatazama kikombe. Kilikuwa bado na joto. Akakikumbatia kwa viganja vyote viwili, akanywa polepole mpaka kikaisha, na Yahachi, akidhani chai imempendeza, akamwongezea.