Kamanda Bila Kitambulisho

Siku wifi yake alipovishwa nyota za mkuu wa usalama wa bandari, Kamanda alipiga makofi kuliko watu wote ukumbini. Viganja vilimwasha. Moyo ndio uliowaka zaidi.

"Kamanda" lilikuwa jina la utani alilopewa na walinzi wa malango; cheo chake kilikuwa naibu, na naibu alibaki. Ni yeye aliyemleta bandarini mke huyo wa mdogo wake, akamshika mkono tangu hajui kutofautisha gati na ghala. Kisha zikaja kanuni mpya za kimataifa zilizotaka kila mkuu wa usalama awe amehitimu mafunzo maalumu. Wifi akasoma, akafaulu, akampita. Nyumbani, mama alikuwa hachoki kumsifu. "Mke wa mdogo wako ana kichwa," alikuwa akisema huku akimjazia wifi chai, naye Kamanda akikoroga yake mpaka ipoe.

Mwaka huo bandari iliomba fedha za uzio mpya, kamera na mtambo wa kupekua makontena. Mfadhili akamtuma mkaguzi. Ukaguzi ukienda mrama, fedha zingekwama, na kampuni za meli zilikwisha kunong'ona kwamba zingetia nanga kwingine.

Mkaguzi, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, alimwita Kamanda pembeni.

"Namtaka mtu anayefahamika na kila mlinzi. Uingie bila kitambulisho, ufike mpaka kando ya meli. Mkuu wako asijue."

Kamanda angeweza kumwambia kwamba hakuna mlinzi pale aliyethubutu kumuuliza chochote. Angeweza kusema jaribio hilo lingemwonea mtu. Badala yake alivua kitambulisho shingoni, akamkabidhi.

"Nipo tayari," alisema, na mate yakamjaa mdomoni kama mtu aliyesikia harufu ya chakula.

Kwenye lango la kwanza, mlinzi waliyemwita Kipara alisimama wima. "Shikamoo, Kamanda!"

"Marahaba. Kwema?"

"Kwema kabisa. Pita, mama, pita." Chuma cha kizuizi kikainuka.

Kwenye lango la pili hakuulizwa neno. Mlinzi alikimbia kumfungulia. Kamanda alitembea kati ya makontena akiwa mwepesi kama msichana. Alikwisha kuiona sura ya wifi yake ikisawijika mbele ya wakubwa. Alikwisha kumsikia mama akinyamaza.

Kwenye kizuizi cha gatini, aliyesimama na walinzi alikuwa wifi mwenyewe.

"Wifi, kitambulisho."

"Nimekisahau mezani. Kwani hunijui?"

"Nakujua."

"Basi fungua. Vijana wanatutazama, usinivunjie heshima."

Wifi aliweka mkono juu ya kizuizi, lakini hakukiinua. "Nisamehe, wifi. Rudi ukichukue. Mama akikasirika nitamwangukia miguuni mimi mwenyewe."

Mkaguzi akajitokeza nyuma ya lori.

Alasiri walikaa ofisini kwa mkurugenzi. Malango mawili kati ya matatu yalikuwa yameshindwa jaribio, mkaguzi alisema. Fedha zingesubiri hadi jaribio la pili. Kisha akauliza, "Ni nani aliyewafundisha walinzi hawa?"

Kamanda ndiye aliyewafundisha, mmoja mmoja, miaka yote ile. Aliwafundisha kumheshimu mkubwa kabla ya kumuuliza, na heshima hiyo aliifurahia kila asubuhi. Hakuwahi kufikiri kwamba huo nao ni mlango wazi.

"Mimi ndiye mkuu," wifi akasema. "Lawama ni zangu."

Hakumtupia Kamanda jicho, hata lile la kumkumbusha mtu kwamba amebebwa. Laiti angemtazama kwa chuki. Chuki Kamanda angejua pa kuiweka.

Kikao kilipovunjika, alijikuta mbele ya ofisi ya wifi yake. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Wifi alikuwa amevua viatu, miguu imemvimba, uso ameuelekeza dirishani. Machozi yalikuwa yakimtoka taratibu. Hata machozi yalimpendeza, na hilo nalo lilimchoma Kamanda.

"Kama umekuja kunicheka, wifi," alisema bila kugeuka, "funga mlango kwanza. Walinzi wasisikie."

Kamanda aliufunga, kwa ndani. Alisimama hapo akitafuta maneno, na yote yaliyomjia yalikuwa ya kujitetea. Nje, winchi ilikuwa ikishusha kontena kwa mlio mrefu, akausubiri uishe.

"Kipara nilimfundisha mimi," alisema.

"Najua."

Wifi alifuta uso kwa kiganja, kisha, bado hajamtazama, akakisukuma kiti cha pili kwa mguu mtupu, kikasogea nusu ya njia kuelekea kwa Kamanda.